Sauti za wafanyakazi: nini bado inaweza kuokolewa, na nini haiwezi

Watu wenye kuja kutuona juu ya mambo ya kazi wanakuja na vitu vya namna mbili. Vijana wanaleta telefone: mukutano ulirekodiwa, batri ikakufa katikati, na sasa faili inakataa kufunguka. Wajane na watoto wa wafanyakazi wa zamani wa Gécamines wanaleta kaseti: utepe umekunjamana, ao umekatika, ao unatoa kelele tu. Wote wako na ulizo moja: «Sauti ingali mule ndani?»

Jibu letu ni kwamba mara nyingi ingali mule. Lakini kile chenye kuiua sana si miaka, ni mikono yetu ya haraka. Na kwa mufanyakazi wa Lualaba, kupoteza sauti si kupoteza ukumbusho tu. Ni kupoteza haki.

Kwa nini sauti iko na uzito huku kwetu

Kampuni iko na karatasi. Iko na biro, na mwanasheria, na kabati la kufungia. Mufanyakazi eko na nini? Eko na kinywa na sikio. Mambo mengi yenye kugusa maisha yake yanasemwa kwa kinywa: ahadi ya prime, onyo la shefu wa timu, neno la mukubwa mbele ya watu wenye kuhamishwa. Kisha siku ya kudai, wanamuliza: «Imeandikwa wapi?»

Hii haikuanza jana. Mu Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara. Kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, askari walipiga risasi mu uwanja wa mupira, na Léonard Mpoyi, mwenye kusema kwa ajili ya wenzake, alikufa. Hesabu ya wafu ingali inabishaniwa mpaka sasa. Hakuna sauti ya siku ile. Upande wa wafanyakazi ulipita kinywa mpaka kinywa, mpaka watu wa historia kama profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université ya Lubumbashi walienda kuketi na wazee na kuwasikiliza.

Na hapa kwetu Kolwezi? Mu 1966 na 1967, Mujerumani mumoja, Johannes Fabian, alikuja kujifunza mambo ya Jamaa, lile kundi lililotoka mu mafundisho ya Padri Placide Tempels. Wenye kuwa ndani walikuwa zaidi wafanyakazi wa mugodi na bibi zao. Alikamata sauti zao. Mu miaka ya 1970 akakamata ya Tshibumba Kanda Matulu, muchoraji, na ya kundi la teatre la Mufwankolo. Sehemu ya masemi ile ameiweka ku intaneti pamoja na Vincent de Rooij wa Université ya Amsterdam, neno kwa neno, mu Kiswahili chetu, si cha vitabu.

Kuko jambo lingine Fabian alilifanya lenye kutufundisha. Mu 1965, André Yav aliandikia shirika la wafanyakazi wa nyumbani historia ya Élisabethville. Maandiko yale hayakufuata kanuni za shule, na mugeni hakuweza kuyafuata kwa macho tu. Njo Kalundi Mango, mutu wa huku, akayasoma kwa sauti, sauti ikarekodiwa, na maana ikatoka. Kitabu kilitoka mu 1990. Mashini ilisaidia, lakini sikio na kinywa cha mwenye lugha njo vilifungua mulango.

Fikirieni tena Mwenda Jean Bosco, mutoto wa Bunkeya, mu provense yetu. Hugh Tracey alimurekodi Jadotville, Likasi ya leo, mu 1952. Bosco alikufa mu 1990. Rekodi za Tracey zinalindwa Afrika ya Kusini, Makhanda, mu nyumba yenye kuitwa ILAM. Hatuwalaumu wenye kulinda: bila wao, vitu hivi vingekuwa vumbi. Lakini mutoto wa Musonoi mwenye kutaka kusikia babu zake, njia yake inapita Amsterdam na Afrika ya Kusini. Na inaweza kuwa namna ingine. Mu Kenya, ILAM pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walirudisha ku vijiji vya Wakipsigis nyimbo zenye Tracey alirekodi kule mu 1950. Kwa hiyo kurudisha sauti kwao kunawezekana.

Kaseti inagonjwa nini

Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba yenye kupakwa unga wa chuma. Gundi njo inashika unga ule, na sauti iko mu unga. Musimu wa mvua unalowesha gundi. Joto la mabati linaikausha. Vumbi la barabara za mugodi linakwaruza. Kaseti ya dakika 60 iko na utepe munene kidogo. Ile ya 120 ni nyembamba sana, inakatika bure.

Kosa la kwanza: kuiweka mu radio ya zamani «kuona kama inaimba». Radio ikikula utepe, ile mara ya kwanza inaweza kuwa ya mwisho. Anza na macho. Ukiona unga mweupe kama ukungu, usiicheze kabisa, na usiipulize karibu na pua. Ifunge mu karatasi kavu na uitenge na zingine. Ukiona kasponji kadogo ka chini ya utepe kameanguka, ao kisanduku kimepasuka, sauti haijakufa. Fundi anafungua visikuru, anahamisha utepe mu kisanduku cha kaseti ingine nzima. Utepe ukikatika, unaunganishwa na karatasi ya gundi ya kazi ile, si skoti ya duka: gundi ya skoti inatiririka na inashikamanisha mizunguko.

Vunja vile vimeno viwili vya nyuma ya kaseti, ili mutu asirekodi juu. Kichwa cha radio kisuguliwe na alkole mbele ya kila kaseti. Sauti ikiwa kama mutu anasemea ndani ya blanketi, mara nyingi ni kichwa cha mashini hakikae sawa na utepe. Fundi anazungusha sikuru kadogo na maneno yanafunguka.

Bande kubwa za kuzunguka, zile za redio na za makanisa, ziko na ugonjwa mwingine. Zingine za miaka ya 1970 na 1980 gundi yao inakunywa maji na inanata. Malaboratware wanazipasha moto wa pole, degre karibu 50, masaa mengi, kisha wanazicheza mara moja. Ni kazi ya wenye kuijua na wenye vyombo vyake. Mutu asijaribu na mbabula ya nyumbani: moto wa makala haupimwe, na bande ya namna ingine inaharibika kabisa.

Kisha unakopia. Kopi ya kwanza iwe nzima, bila kuisafisha, mu WAV, 48 000 kwa sekonde na biti 24. Saa moja ya sauti inakula karibu giga moja. Ile haiguswe tena. Kusafisha kelele kunafanywa ku kopi ya pili, juu mutu akisafisha sana, anaondoa na maneno. Ya tatu, MP3 ndogo, ni ya kusikiliza na kutumia jamaa. Weka kopi mu nyumba mbili tofauti. Na kaseti yenyewe usiitupe: kesho kutakuwa mashini bora kuliko ya leo.

Telefone: faili yenye kukatika

Faili ya sauti ya telefone ni kama kitabu chenye orodha ya kurasa kinaandikwa mwisho. Batri ikikufa, ao telefone ikianguka mbele hujaminya «stop», kurasa ziko lakini orodha haiko. Mashini inasema «faili imeharibika». Si kweli kabisa: imekosa mulango tu. Kuko programu zenye kujenga orodha upya. Zinaomba kitu kimoja: rekodi ingine nzima, yenye kufanywa na telefone ile ile, na aplikasyo ile ile. Kwa hiyo usiuzishe telefone ile, na usiirudishe ku hali ya kiwanda.

Jambo la kwanza ni kuacha kurekodi. Faili yenye kufutwa haiondoke palepale. Telefone inaandika tu kwamba nafasi iko wazi. Lakini picha na video za WhatsApp zikiingia, zinakaa pale pale, na sauti inakufa kweli. Zima intaneti. Kama kuko karte ya memwari, itoe. Telefone ikikuuliza kama i-«formater», sema hapana. Kopia faili kama ilivyo ku ordinatere, kisha tafuta musaada na kopi. Telefone ikiingia maji, isiwashwe na isiwekwe karibu na moto.

Juu ya sauti za WhatsApp: linda ile ya kwanza, mu telefone yenye kuipokea. Mu Android, jina la faili liko na herufi PTT na tarehe ndani. Ukiipitisha kwa watu kumi, kile cha kumi anapokea hakionyeshe tena nani alisema na siku gani. Ukitaka kuipeleka, itume kama dokima.

Na mbele ya mukutano, fanya hivi: weka telefone mu hali ya ndege, juu mutu akipiga simu rekodi inaweza kukatika. Anza kwa kusema tarehe, fasi, na majina ya wenye kuwa pale. Kila dakika 20, simamisha, hifadhi, anza tena. Vile ukipoteza, unapoteza kipande, si mukutano wote.

Kile hakirudi

Tuseme ukweli pia. Kuko sauti zenye hazirudi. Rais Nixon wa Marekani alikuwa anarekodi watu mu biro yake. Mu mazungumuzo ya 20 Juni 1972, dakika 18 na nusu zilifutika kwa kurekodi juu. Ofisi ya taifa ya kulinda maandiko kule Marekani ilijaribu tena kati ya 2001 na 2003, na mafundi hodari na mashini ya bei. Hawakutoa hata neno moja. Kama taifa kama lile lilishindwa, sisi tusidanganye mujane kwamba ile kaseti yenye kurekodiwa nyimbo juu, sauti ya bwana ingali chini yake.

Kile hakikuandikwa, nacho hakirudi. Kama batri ilikufa ku dakika ya 30, dakika ya 31 haiko popote.

Hapa njo hatari mupya inaingia. Kuko sasa mashini za akili bandia. Mu Novemba 2023, wimbo wa Beatles ulitoka, John Lennon anaimba, na yeye alikufa mu 1980. Alikuwa ameacha kaseti ya nyumbani, piano inafunika sauti. Mu miaka ya 1990 wenzake walijaribu wakaacha. Mu 2022 mashini ilitenga sauti na piano, na kazi ikaisha. Musikilize vizuri: ile mashini ilitenga kile kilikuwa ku kaseti. Haikumutungia Lennon maneno.

Kuko zingine zenye kutunga. Unaipatia sauti yenye mashimo, inajaza mashimo. Inatoa kitu safi, kizuri, na cha uongo, juu mashini haikuwa ku mukutano. Na zile zenye kuandika maneno zenyewe zinajua Kiswahili cha vitabu; chetu, chenye Kifransa na Kiluba na Kisanga ndani, zinakisia tu.

Angalieni hatari iko wapi mu lugha yetu. Sisi tunaweka «hapana» ku kichwa cha neno. «Hatukubali» ni kugoma. Kata ile «ha», inabaki «tukubali». Herufi mbili, na sendika nzima imeuzishwa. Na kelele ya krasha, ao mutu mwenye kukohoa, inakula herufi mbili bila kazi. Kwa hiyo sheria yetu ni moja: pale hamusikie, muandike «haisikike». Msikiaji wa pili asikilize bila kuona kile wa kwanza aliandika. Wakitofautiana, muandike zote mbili. Rekodi yenye kukatika ibaki imekatika.

Mbele ya inspektere na juge

Mu kampuni moja ya huku, delege wetu walirekodi mazungumuzo juu ya prime. Wote mu chumba walijua telefone iko inarekodi. Faili ikakataa kufunguka. Kijana mumoja wa kutengeneza telefone ku soko alitumia rekodi ingine ya telefone ile, na sauti ikarudi. Dakika za mwisho, zenye direksio ilitaja hesabu, hazikurudi, juu hazikuandikwa. Kulikuwa wenye kusema: «Tunajua alisema nini, tumalizie wenyewe.» Tulikataa. Tulienda ku Inspection du travail na kile kilikuwako, na tukasema mapema: inakatika hapa. Direksio ilipojaribu kusema rekodi yote ni ya kutengenezwa, hoja yao haikusimama, juu sisi wenyewe njo tulikuwa tumeonyesha shimo. Prime ilipatikana, si yote, lakini ilipatikana. Kama tungejaza shimo, tungepoteza yote, na jina la sendika pamoja nayo.

Kodi ya kazi ya 2002 inataka mabishano yapite kwanza ku inspektere mbele ya kufika ku tribinali ya kazi. Kodi ya nimerike ya 13 Marsi 2023 inafungulia mulango hakikisho za elektroniki. Lakini mulango wazi si ushindi: juge njo anapima, na anauliza ilitoka wapi, nani aliishika, nani aliigusa. Andika kila mukono wenye kuipitisha. Na mbele ya kurekodi mutu kwa siri, uliza kwanza avoka, usije ukageuka wewe mushitakiwa.

Ku aksida ni zaidi. Mu 27 Juni 2019, ku mugodi wa KOV, hapa Kolwezi, udongo ulifunika wachimbaji wa mukono, na hesabu ya wafu ilibadilika kila siku. Mu 15 Novemba 2025, kule Kalando, daraja lilianguka na watu, na wakubwa wa provense walitangaza angalau wafu 32. Ripoti ya SAEMAPE ilisema risasi za askari njo zilitia watu woga, ubishi ukaanza. Siku kama ile, telefone mia zinakamata sauti, na kisha wiki mbili nyingi zimefutwa ili kupata nafasi ya video za ndoa. Wenzetu wa Afrika ya Kusini waliona faida ya kulinda. Juu ya Marikana, pale polisi iliua wagomaji 34 mu 16 Agosti 2012, komisyo ya juge Farlam iliangalia na kusikiliza rekodi nyingi, na mambo mengi yenye kusemwa ku mwanzo yalipimwa nazo.

Tunaomba nini

Kuko wenye kutuambia: «Mu cité hakuna maji, na ninyi munaleta mambo ya kaseti!» Ni neno la kweli na linastahili jibu. Hatuombe kuondoa franga ya kisima. Tunasema kwamba mutu mwenye hana hakikisho hata kisima hatakipata, juu ahadi ya kisima nayo ilisemwa kwa kinywa.

Kodi ya mine ya 2018 inalazimisha kila kampuni kuweka 0,3 % ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wa pale. Mu pesa hizi, chumba kimoja hapa Kolwezi, chenye mashini mbili tatu nzuri za kaseti, ordinatere moja, diske za kulinda na vijana wawili wenye kufundishwa, ni kitu kidogo sana. Université ya Kolwezi inaweza kukiongoza. Sendika zikae ndani, na familia pia, ili funguo zisibaki mu mukono wa mutu mumoja, wala wa kampuni.

Na sheria iwe wazi: sauti ni ya mwenye kusema na ya jamaa yake. Kuko kaseti zenye kubeba Mei 1978, vita mu muji. Kuko zenye kubeba 1992 na 1993, wakati watu wa Kasai walifukuzwa ku magari moshi, jirani akigeukia jirani. Ndani kuko majina. Kulinda si kupiga ku haut-parleur. Familia njo itasema nini isikilizwe leo na nini ingoje.

Zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines waliondoka mu ile operesheni ya «départs volontaires» ya 2003 na 2004. Wengi wamekwisha kufa, na wenye kubaki wamezeeka. Kile waliambiwa siku ya kusaini, kile walijibu, kile walielewa, karatasi ya Banque mondiale haikiseme chote. Wenye kukisema ni wao. Kwa hiyo ba mama, wiki hii mufungue kabati, mutoe kaseti ku joto na ku maji, muandike jina juu ya kila moja, na musizicheze. Na ninyi vijana, mbele ya kutengeneza za zamani, muende kwa papa angali muzima, muweke telefone mu hali ya ndege, mumuulize kazi ilikuwa namna gani. Ile haitaomba fundi.